Marekebisho Madogo

Mwanamke aliyesimama nje ya geti alikataa kuingia. Fardosa alimkaribisha, akamkaribisha tena, na kila alipofungua geti zaidi yule mwanamke alizidi kurudi nyuma, kama mbuzi anayevutwa kwenye maji.

"Mimi siwezi ingia kwa mtu hivi hivi," alisema. "Kwanza ita bwana yako. Aniangalie na macho yake. Akisema niingie, nitaingia."

"Nimwambie ni nani?"

"Mwambie ni Rosilini Nerima wa Kamukuywa. Yule alikufa."

Mkono wa Fardosa ulikwenda wenyewe kwenye tumbo lake. Mimba ilikuwa ya kwanza, nayo ilikuwa imekua kiasi kwamba majirani walishaacha kuuliza. Alimtazama yule mwanamke kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu vya plastiki vilivyojaa vumbi. Alikuwa mtu kama watu wengine, na kivuli chake kilikuwa chini pale pale. Fardosa aliona haya kwa kukiangalia kile kivuli.

Daud alitoka na ndara, macho yamechoka kwa kukodolea kompyuta. Hakuuliza kitu. Jana yake Cheruiyot, meneja wa kampuni ya mazishi ya Kitale, alikuwa amempigia kumwambia kuna kosa dogo limetokea Kamukuywa, na sasa kosa lenyewe lilikuwa limekuja na miguu yake.

"Karibu, mama. Karibu ndani. Pole sana."

"Karibisha na jina."

Daud alisogea kando ya geti. "Karibu ndani, Mama Roselyne Nerima."

Hapo ndipo alipoingia.

Fardosa alikwenda kutengeneza chai. Juu ya kabati kulikuwa na bilauri za harusi yake, zenye ukingo wa dhahabu, ambazo kila mgeni alinywea. Mkono wake ulizipita. Ulichukua kikombe cha plastiki cha kijani, kile walichopewa mafundi waliokuja kuziba paa. Hakukusudia. Alikuja kutambua alipokuwa tayari amekiweka mezani.

Roselyne alikizungusha kile kikombe polepole. "Nikitoka utakiosha hiki, ama utakitupa?"

"Si hivyo, mama."

"Ni hivyo. Lakini sikulaumu. Uko na mzigo tumboni. Hata mimi ningefanya vile vile." Akanywa chai, akaisifu tangawizi yake, na Fardosa akatamani ardhi ya sebule ipasuke.

Kisha akaeleza. Alikuwa ametoka sokoni na beseni lake la mandazi, akakuta hema limesimamishwa uani kwake. Viti vimepangwa. Sufuria kubwa ziko motoni. Na kilio! Kilio kilikuwa kizuri kiasi kwamba yeye mwenyewe alianza kulia kabla hajajua ni cha nani.

"Nikaanza kukimbia. Nikauliza, jamani, nani amekufa? Yule mama wa kwanza kuniona akaangusha sufuria, uji ukamchoma mguu. Wabwile, katibu wa chama chetu cha mazishi, alikuwa amesimama hapo katikati na simu. Badala ya kufurahi, akanikasirikia! 'Lakini iko hapa,' anasema, 'imetoka Kitale, ona jina lako!' Ati mimi ndiye mwongo."

Fardosa alicheka. Aliziba mdomo, lakini kicheko kilishatoka. Roselyne naye akacheka kidogo, kisha akakoma ghafla.

"Halafu rambirambi zikaanza kuingia. Ule ujumbe ulisema zitumwe kwa namba fulani, na namba ni yangu. Unajua ni nini kukaa jikoni na kusoma vile watu wanakusema umekufa? Wengi walisema nilikuwa mpole." Alitikisa kichwa. "Mimi si mpole. Kwa hivyo nikajua hata hawakunijua."

Daud alikuwa ameinamisha kichwa. "Na sasa hali iko vipi, mama?"

"Sasa mandazi yangu inalala. Anayenunua anaweka pesa juu ya meza, mkononi hapana. Shemeji yangu amenitandikia jikoni. Kwetu mtu akishaliliwa hawezi rudi tu nyumbani kama ametoka posho mill kusaga unga. Kuna kuku wa kuchinjwa, kuna maneno ya kusemwa mbele ya wale walilia. Wazee wako tayari. Lakini wanauliza, nani alisema huyu amekufa? Basi yeye ndiye aseme hakufa. Nikawaambia si mtu, ni programu. Wakasema, sawa, programu iseme."

Daud aliinuka haraka, kama mtu aliyepata njia. Akageuza kompyuta upande wake. "Tumerekebisha tayari, mama. Ona. Hapa, mbele ya jina lako."

Mbele ya jina palikuwa na neno moja kwa rangi ya kijani: HAI.

Roselyne aliliangalia muda mrefu. Alisogeza kidole karibu na kioo bila kukigusa. "Hapa ni mimi na wewe na bibi yako tumeona. Kule, soko mzima ilisoma nimekufa."

Ndipo Daud akamweleza kuhusu ukurasa wa kwanza wa programu. Kila toleo jipya la programu linapotoka, hufunguka kwanza kwa maandishi: Mabadiliko katika toleo hili. Katibu wa kila chama hawezi kuendelea na kazi mpaka abonyeze kwamba ameyasoma. Wabwile alikuwa na tabia ya kuyasoma kwa sauti mkutanoni, kwa sababu wanachama wa Kamukuywa hawakuamini kitu kinachobadilika kimya kimya.

"Basi niandike huko," Roselyne alisema.

"Nitaandika, Inshallah."

"Hiyo Inshallah ni ya kuandika, ama ni ya kunifukuza?"

Daud aliigeuza kompyuta irudi upande wake.

Roselyne alipoondoka, Fardosa alifunga geti. Alipogeuka kuelekea mlangoni akasikia limefunguka tena. Komeo lilikuwa bovu, hilo alilijua tangu wahamie hapo, karibu na msikiti, mahali ambapo upepo wa mchana hupita kwenye ua kama njia yake. Hata hivyo alisimama. Alihisi kwamba waliokuja walikuwa wawili, na aliyekunywa chai ni mmoja.

&nbsp;

Kosa lenyewe lilikuwa limezaliwa na kitu ambacho watu wa Bungoma hutaniana nacho. Huyu anasema "kurara", yule anasema "kulala", na makatibu wa vyama vya mazishi waliandika walivyosikia. Mtu aliyekuwa Barasa mwezi huu angekuwa Balasa mwezi ujao, akahesabiwa watu wawili, akadaiwa mara mbili. Malalamiko yalijaa. Kampuni ya Kitale ndiyo iliyohudumia vyama hivyo vyote: iliweka majina, ilitangaza msiba, ilipeleka hema na viti. Daud, kijana wao wa programu aliyefanyia kazi nyumbani, akapata dawa. Katika toleo lililopita aliifundisha programu isitofautishe L na R, na wenye mwaka ule ule wa kuzaliwa iwaunganishe wawe mtu mmoja.

Alijivunia kazi ile. Kabla ya kuitoa alimsomea Fardosa maandishi yake, kama alivyofanya siku zote. Fardosa aliacha shule darasa la sita, na Daud alipenda kusema, "Ukielewa wewe, hakuna katibu atakayeshindwa." Alilisema kama sifa. Fardosa alilimeza kama kidonge, akijitahidi lisiguse ulimi. Siku ile alikuwa amecheka, akasema, "Nimeelewa."

Sasa simu iliita. Ya Daud ilikuwa imeharibika upande wa sikio, kwa hivyo kila aliyempigia alisikika nyumba nzima.

"Daud bana," sauti ya Cheruiyot ilisema. "Hilo toleo umetoa?"

"Bado maandishi."

"Maandishi ya nini? Andika 'marekebisho madogo madogo', maliza. Si kila mtu anaandika hivyo? Hata simu yako ikijirekebisha, inakwambia nini? Hivyo hivyo."

"Yule mama alikuja kwangu."

"Alikuja? Na ukamfungulia?"

"Anataka iandikwe kwamba yuko hai."

"Yuko hai, si anajiona? Sikiza, ndugu yangu. Kuna vyama vipya vya Bokoli vinataka kuingia. Mkataba wako mpya uko hapa kwa meza yangu, kalamu iko juu yake. Ukiandika ati tuliua mtu mzima, hao watu wa Bokoli watakimbia, na huo mkataba nitaufanyia nini? Bibi yako si anakaribia kujifungua?"

"Anakaribia."

"Haya. Jifikirie. Na jambo lingine, upande wa Kitale usiguse kabisa. Kule kumetulia. Hakuna mtu amekuja kuuliza. Wacha ilale."

Fardosa alikuwa anachambua mchele. Alisikia yale maneno ya mwisho, na vidole vyake vikasimama katikati ya sinia, ingawa hakujua bado ni kwa nini.

&nbsp;

Adhuhuri ya siku iliyofuata Daud aliburuta kiti. "Njoo nikusomee."

Fardosa akaja, akakaa kwenye ukingo wa kochi, mikono magotini.

"'Marekebisho madogo madogo ya utendaji.'"

Fardosa aliangalia sakafu. "Sijaelewa."

"Utendaji. Yaani programu inavyofanya kazi. Tumeirekebisha."

"Nini kilikuwa kimeharibika?"

Daud alivuta pumzi. Akafuta, akaandika tena. "'Tumeboresha utenganishaji wa majina yanayokaribiana.'"

"Sijaelewa."

"Fardosa."

"Sijaelewa, Daud. Unaniuliza kila siku kama nimeelewa. Leo sijaelewa."

Daud alitoka akaenda msikitini. Aliporudi uso wake ulikuwa bado na maji ya udhu, na hakuketi moja kwa moja. Alizunguka chumba, akagusa bilauri za kabatini, akarudi kwenye kompyuta, akaandika kwa muda mrefu. Alipomaliza, sauti yake ilikuwa ya mtu anayelipa.

"'Toleo lililopita liliunganisha watu wawili tofauti kwa sababu majina yao yalitofautiana kwa L na R tu. Kwa kosa hilo, Roselyne Nerima wa Kamukuywa alitangazwa kuwa amefariki. Yuko hai. Kosa ni letu, si lake wala la katibu wake. Tunamwomba msamaha.' Haya. Nimemtaja mpaka jina, kitu ambacho hakifanywi. Huu ukurasa si mahali pa majina ya watu. Umefurahi?"

Fardosa alifungua mdomo aseme ameelewa. Neno lilikuwa tayari. Lakini nje komeo liligonga, geti likalia kwenye bawaba zake, na kile kilichokuwa kimemshika jana juu ya sinia ya mchele kikamshika tena.

"Sijaelewa," alisema.

Daud alipiga meza kwa kiganja. "Hata mtoto wa nasari angeelewa hapo!" Akajuta mara moja, ikaonekana usoni, lakini neno lilishatoka.

Fardosa alinyoosha kidole kwenye kompyuta. "Umeandika watu wawili. Mmoja yuko hai. Yule mwingine?"

Daud alirudi kuangalia kompyuta.

"Hema haliwezi kutoka Kitale bila mtu kufa. Kuna mtu alikufa, Daud. Ni nani?"

"Roselyne Nelima," alisema mwishowe. "Wa L. Wa Kitale."

"Alitangazwa wapi?"

"Hakutangazwa. Watu wake walipeleka kibali cha mazishi ofisini. Karani aliingiza jina, akawaambia ujumbe umekwenda. Na kweli ulikwenda. Ulikwenda Kamukuywa."

"Na hema?"

"Unajua hema lilikwenda wapi."

Fardosa alikumbuka wiki ile. Mvua ilikuwa imepiga mchana na usiku, hadi watoto wa madrasa wakafungiwa ndani. Aliwaona akilini watu wasiojulikana kwake wakisimama na maiti yao, wakitazama barabarani, wakisema, hebu tungoje kidogo, wameambiwa. Kisha wakiacha kungoja.

"Ndiyo maana Cheruiyot alisema kumetulia," alinong'ona. "Watu wake wanadhani chama chao kiliwatupa."

"Nikimwandika huyo, watajua. Watakuja kudai, na wana haki. Na Cheruiyot atajua ni mimi. Tutakula nini? Utajifungulia wapi? Niambie."

"Sijui."

"Basi unataka nifanye nini?"

"Mimi sijasema ufanye kitu. Nimesema sijaelewa." Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta. "Yule wa Kamukuywa amekuja, amegonga, amesema jina lake, na umemwandika. Huyu mwingine atakuja na nini?"

Daud alikaa. Aliweka mikono yake juu ya vitufe, akaiondoa, akaiweka tena. Fardosa alirudi jikoni asimtazame. Alisikia vitufe vikilia, vikanyamaza, vikalia. Baadaye Daud akamwita, akamsomea mistari iliyoongezwa chini ya ile mingine, kwa sauti ndogo kama mtu anayesoma karibu na mgonjwa:

"'Aliyefariki ni Roselyne Nelima wa Kitale. Alikuwa mwanachama, na msiba wake haukutangazwa. Watu wake hawakuachwa na chama. Ni sisi tuliopeleka kilio chao kwingine. Makatibu wote wakague kila jina lililounganishwa, kwa sababu huenda kuna wengine.'"

"Nimeelewa," Fardosa alisema.

Daud akabonyeza.

&nbsp;

Cheruiyot hakupaza sauti. Hilo ndilo lililomtisha Fardosa alipoisikia simu asubuhi. "Rudisha kompyuta ya kampuni," alisema. "Na chaja." Akakata.

Mchana ule ule akapiga Roselyne, na Fardosa akapokea simu ya Daud. Nyuma yake kulikuwa na kelele za soko.

"Wabwile amesoma jana jioni! Amesoma mara mbili, maana mara ya kwanza watu walidhani anawachezea. Aliposoma 'yuko hai', wakanigeukia wote, kama wananiona nikizaliwa. Wazee wamesema maneno. Kuku amechinjwa, mimi mwenyewe nimekula shingo. Leo nimelala kwa kitanda yangu, dada."

"Alhamdulillahi," Fardosa alisema.

"Lakini ngoja. Kisha akasoma ile mistari ya chini. Yule mama wa mguu wa kuungua akauliza, sasa kile kilio chetu kilienda wapi? Tulimlilia mtu hana maiti, na kuna maiti imekosa mtu wa kuilia. Hakuna aliyelala vizuri tangu siku ya kile kilio, dada. Hata mimi. Nikifunga macho naitwa, na si mimi ninayeitwa. Kwa hivyo tunaenda Kitale. Kanisa limetupatia hema lao. Bwana yako aje atuonyeshe kwao, si yeye ndiye anajua?"

Daud alikuwa anafunga kompyuta kwenye kitambaa. Alisikia yote, simu yake haikujua siri.

"Kitale tunaenda hata hivyo," alisema.

&nbsp;

Nyumba ya marehemu ilikuwa karibu na reli ya zamani, ya mabati, na kaburi lilikuwa kando ya migomba, udongo wake umedidimia katikati pale maji ya mvua yalipotuama. Hakukuwa na msalaba bado. Daud alilitazama, kisha akaitazama mikono yake, mitupu sasa, maana kompyuta ilikuwa imebaki ofisini pamoja na chaja.

Wanawake wa Kamukuywa walisimama uani, vitambaa vimefungwa viunoni, na hakuna aliyejua aanzeje. Kulia walijua. Kulia kwa kuchelewa hawakuwa wamewahi.

Mlangoni, kwenye mkeka, alikaa mama mzee akipukuchua mahindi. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe. Vidole vyake viliendelea na kazi huku kichwa kikifuata nyayo za watu.

"Nani hao?" aliuliza.

Wakatazamana. Fardosa alimsukuma Roselyne kidogo kwenye kiwiko. Roselyne alisogea hadi kizingitini, na hapo akasimama, kama alivyosimama siku ile nje ya geti, akakataa kupita.

"Hodi, mama."

"Nani?"

Akakohoa. "Ni Rosilini, mama. Rosilini Nerima."

Vidole vya mama mzee vilisimama. Punje moja ilianguka, ikaviringika mkekani. Roselyne alipiga magoti haraka, akaanza kueleza yote kwa mkupuo: kwamba anatoka Kamukuywa, kwamba anaitwa hivyo tangu kubatizwa, kwamba hema la marehemu lilikuja kwake, kwamba yeye hakujua, wallai hakujua, na kwamba wameleta kilio chenyewe, maana kilikuwa na mwenyewe.

Mama mzee alimwacha amalize. Kisha akanyoosha mkono, akaupapasa uso wa Roselyne: paji, mashavu, kidevu. Aliupapasa polepole, na mwisho akaurudisha mkono wake mapajani, kwa sababu uso haukuwa ule wa mwanawe.

"Nilikaa hapa kwa mvua," alisema. "Nilisema, wako njiani. Watoto walinicheka. Nikasema, mtu hawezi kuchangia wengine miaka yote halafu wasimjie." Akapapasa mkeka, akaokota ile punje. "Umechelewa, Loselina."

"Nimechelewa, mama."

"Haya, ingia."

Roselyne akainama, akaingia. Uani wanaume walianza kushusha vyuma vya hema, na yule mama wa mguu wa kuungua akatoa sauti ya kwanza, nyembamba, ya juu, na wengine wakaipokea. Fardosa alikuwa anafuata nyuma. Alipofika mlangoni alijibanza ubavuni na tumbo lake, akaacha nafasi ya mtu mmoja kupita. Akangoja kidogo. Kisha naye akaingia.